Mdomo wa Bata: Stori ya Wapuliza Saksafoni Ambao Hakuna Aliyeandika Majina Yao

Jumamosi ya harusi Dar, saa tisa alasiri, foleni imesimama kwa sababu msafara wa bibi harusi umeamua kuzunguka kipilefti mara tatu. Mbele kabisa kuna Kirikuu, nyuma wamebanana vijana sita au saba na matarumbeta yao, na yupo mmoja anapiga dramu kubwa kama anadai deni. Kila mtu katoa simu anarekodi. Ukija kuiangalia hiyo video jioni utamwona bibi harusi, utaliona gari lililopambwa, utamwona shangazi anayecheza katikati ya lami mpaka kilemba kinadondoka. Na pale kwenye kona ya Kirikuu, nusu kichwa kimekatwa na kamera, kuna mshkaji kashika kitu kilichopinda kama kiko cha babu.

Hiyo ni saksafoni. Wazee wa dansi waliibatiza mdomo wa bata, na ukiiangalia kwa pembeni utakubali hawakukosea. Jina la anayeipuliza hulijui. Hata waliomlipa hawalijui, wana namba ya kiongozi wa bendi tu.

Sasa usidhani hili la kutokujulikana limeanza juzi na hizi harusi za mjini. Hawa jamaa wamekuwa wakipuliza pembeni ya picha kwa zaidi ya miaka 100, na stori yao ina vita, mashindano, majasusi wa serikali na watu kufa. Twende taratibu.

KABLA YA MATARUMBETA

Pwani ya Afrika Mashariki haikufundishwa na Mzungu kupuliza kitu kwenye harusi. Lamu na Pate walikuwa na siwa, lile pembe kubwa la heshima, la Pate la pembe ya ndovu na la Lamu la shaba. Siwa halikupulizwa hovyo. Lilitoka kwenye shughuli za wakubwa, harusi za watu wenye majina na jando la watoto wao, na si kila familia iliruhusiwa. Kama ukoo wenu haukuwa na hadhi, mlioa bila siwa na maisha yakaendelea.

Halafu kulikuwa na zumari. Hii ndiyo muhimu kwa stori yetu, kwa sababu zumari inalia kwa kutumia kijiti kinachotetemeka mdomoni. Saksafoni nayo ni hivyo hivyo. Imetengenezwa kwa shaba, inang'aa kama tarumbeta, inapanda Kirikuu kimoja na tarumbeta, lakini kwa ukoo siyo ndugu yake kabisa. Tarumbeta inalia kwa midomo ya mpulizaji. Saksafoni inalia kwa kipande chembamba cha mwanzi ambacho wapulizaji wanakiita ridi. Kwa hiyo kwenye bendi ya shaba saksafoni ni mgeni aliyevaa sare za wenyeji, na undugu wake wa kweli uko kwa zumari ya mzee wa Lamu. Jeshi la Wokovu, ambao bendi zao za kanisani ni maarufu dunia nzima, kwa desturi hawaiweki kabisa. Na zile kwaya za tarumbeta za Walutheri wa Kilimanjaro na Usambara, zilizoachwa na wamisionari wa Kijerumani, nazo zilianza na shaba tupu.

Aliyeitengeneza ni Mbelgiji Adolphe Sax, aliyezaliwa Dinant mwaka 1814. Jamaa alihamia Paris na akajitengenezea maadui wa kutosha, kwa sababu mafundi wengine wa vyombo hawakumpenda hata kidogo. Mwaka 1845 jeshi la Ufaransa lilikuwa linataka kuzifufua bendi zake, basi wakaandaa mpambano wa hadharani kwenye uwanja wa Champ de Mars. Upande mmoja bendi ya mtindo wa zamani, upande wa pili bendi yenye vyombo vya Sax. Maelfu ya watu wakaja kushangilia, Sax akashinda, na mwaka 1846 akapata hataza ya saksafoni. Pesa ikamkalia? Wapi. Alifilisika mara 3 na akafa masikini Paris mwaka 1894.

Kumbuka huo mpambano wa bendi mbili na watu wanashangilia, kwa sababu miaka 50 baadaye pwani ya kwetu kulikuwa na kitu kinachofanana nao sana.

BENI

Miaka ya 1890, Lamu na Mombasa, vijana walianza ngoma mpya wakaiita beni. Neno limetoka kwenye bendi ya Kizungu, hilo halifichiki. Vyanzo vya kuiga vilikuwa vingi. Wanajeshi na mabaharia wa Kiingereza walikuwa na bendi zao. Masultani wa Zanzibar walikuwa na bendi ya Wagoa. Freretown, kile kijiji cha watumwa walioachwa huru kilichoanzishwa na wamisionari nje ya Mombasa mwaka 1875, nao walifundishwa kupuliza.

Lakini hawakuiga kama kasuku. Pwani ilikuwa tayari na utamaduni wa mitaa kushindana kwa ngoma, mashairi na karamu. Mtaa huu unachinja ng'ombe wawili, mtaa ule unachinja watatu. Huyu anatunga shairi la kejeli, yule anajibu usiku huo huo. Beni ikaja kukaa juu ya ushindani huo kama sufuria juu ya mafiga. Mkawa na gwaride, sare, dramu kubwa, na vyeo: Kingi, Gavana, Jenerali, Kanali. Mtu mchana ni kibarua bandarini, jioni ni Jenerali na watu wanampigia saluti.

Watu wengine huwa wanaiangalia hii wanasema waliwaiga wakoloni kwa ushamba. Hapana. Ukimwona mtu ambaye kazini anaitwa "boi" anajipa cheo cha Jenerali na kuwaongoza watu 100 barabarani kwa mguu mmoja, ujue hapo kuna jambo kubwa kuliko kuiga.

Beni ikashuka mpaka Tanga, Dar es Salaam na bara, na huko Tanganyika ikagawanyika pande mbili zilizotikisa nchi: Marini na Arinoti. Marini walijiona ndio watu safi, makarani, watu wa mjini. Arinoti walikuwa zaidi watu wa kazi ngumu, vibarua na wapagazi, na walijivunia hilo. Kama unataka kuelewa, fikiria Simba na Yanga, halafu ongeza matarumbeta na mazishi. Ndiyo, mazishi, kwa sababu hivi vyama vilikuwa bima ya maskini. Mwanachama akiugua mjini hana ndugu, wanamchangia. Akifa, wanamzika. Ukitoka Dar ukaenda Tabora hujui mtu, unawatafuta wa upande wako na siku hiyo unalala ndani.

Mpulizaji kwenye beni hakuwa na cheo kikubwa. Kingi alivaa taji, mtunzi wa nyimbo alijulikana mpaka mtaa wa pili. Mwenye tarumbeta alikuwa injini tu. Vyombo vyenyewe vilikuwa vya chama na siyo vyake, vilinunuliwa kwa michango au vilikuwa chakavu kutoka jeshini. Weka hilo akilini, litarudi.

VITA VIKAIBEBA

Mwaka 1914 Waingereza na Wajerumani wakahamishia vita vyao huku. Maaskari na wapagazi waliburutwa kutoka Kenya, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, miaka minne wanazungukana porini. Wengi sana hawakurudi, hasa wapagazi, ambao njaa na magonjwa viliwaua kuliko risasi. Von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918.

Waliorudi makwao walirudi na beni kichwani. Ndiyo maana Malawi na Zambia ikawa mbeni. Kule kaskazini mwa Malawi ikazaa malipenga, na hapa watu walifanya kitu cha akili sana: hawana hela ya matarumbeta, wakachukua vibuyu, wakatoboa, wakaweka utando mwembamba, wakaimba ndani yake. Sauti inatoka na mkwaruzo kama ya kitu cha ridi. Yaani walijitengenezea sehemu ya wapulizaji kutoka shambani.

Waingereza waliochukua Tanganyika hawakupenda. Wao wakiona watu wanapanga foleni, wana vyeo vya kijeshi, wana matawi kila mji na wanaandikiana barua, kichwani inakuja njama. Miaka ya baada ya vita majasusi waliandika ripoti kuhusu vyama vya beni kana kwamba ni jeshi la siri. Ukweli ni kwamba walikuwa wanagombania nani kapendeza zaidi. Ila uwezo wa kukusanya watu ulikuwa wa kweli, na kuna siku ulionekana.

Mei 1935, kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, wachimbaji waligoma kwa sababu ya kodi. Ulianza Mufulira, ukaenda Nkana, ukafika Luanshya, na pale polisi wakapiga risasi. Watu 6 wakafa. Tume iliyoundwa kuchunguza ikatumia muda kuuliza kuhusu ngoma ya Mbeni, kwa sababu habari za mgomo zilionekana kupita mle mle zilimopita habari za ngoma. Fikiria: unaitwa mbele ya tume ya serikali kuelezea bendi yako ya Jumapili, na nje kuna makaburi mapya sita.

DANSI NA MSHAHARA

Tanganyika kwenyewe mambo yakaanza kubadilika. Makarani na walimu wakaona gwaride la vumbi si la hadhi yao tena. Mwaka 1929 ikaanzishwa African Association mjini Dar, na watu waliozoea kuongoza vyama vya ngoma wakapata pa kupeleka uzoefu wao. Kwa upande wa starehe wakaingia ukumbini kucheza dansi la watu wawili wawili, suti na gauni. Mwaka 1932 ikaundwa Dar es Salaam Jazz Band, na mwaka 1944 ikaja Morogoro Jazz. Jina la jazz lisikuchanganye, mapigo yaliyowateka ni rumba ya Kuba iliyokuja kwenye santuri.

Hapa ndipo saksafoni ilipopata ufalme wake. Kwenye gwaride, tarumbeta ndiyo mfalme kwa sababu inakata hewa mpaka mtaa wa tatu. Ukumbini hakuna haja ya kupiga kelele. Saksafoni inaweza kunong'ona, inaweza kulia kama mtu aliyeachwa, inaweza kumjibu mwimbaji mstari kwa mstari. Sikiliza nyimbo za dansi za miaka ya 1960 na 1970 uone: mwimbaji anamaliza, gitaa linashika, halafu mdomo wa bata unaingia na wote ukumbini wanajua sasa ndiyo muda wa kusogeleana.

Na shule ya hawa wapulizaji ilikuwa wapi? Kwa sehemu kubwa ilikuwa ni brass band zile zile, za polisi, za jeshi na za misheni. Baada ya uhuru mashirika na vyombo vya dola vikawa na bendi zao za dansi: Polisi Jazz, Mwenge Jazz ya JWTZ, Kimulimuli ya JKT. Chama cha wafanyakazi kikaanzisha NUTA Jazz mwaka 1964, ambayo ikaja kuwa JUWATA, ikawa OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Sikinde nayo ilizaliwa 1978 chini ya kampuni ya teksi na usafirishaji. Kijana wa brass band anaamka asubuhi anapuliza wimbo wa taifa kwenye gwaride amenyooka kama mlingoti, usiku anapuliza rumba kwenye bendi ya dansi. Mapafu yale yale.

Mwanamuziki akawa mfanyakazi mwenye mshahara wa mwezi. Watu wa leo wanaohangaika na mirabaha wangelia wakisikia. Lakini kulikuwa na mtego, na ni ule ule wa beni: chombo si chako. Saksafoni ni ya shirika. Ukihama bendi, unaiacha. Ukifukuzwa, unaiacha. Mpiga gitaa angeweza kujikongoja akanunua gitaa la mkono wa pili, lakini saksafoni ilikuwa ya kuagizwa ng'ambo, na miaka ya mwanzo ya 1980 kupata fedha za kigeni Tanzania ilikuwa kazi hata kwa kiwanda, sembuse mtu mmoja. Mtu amepuliza miaka 15, nchi nzima inaijua sauti yake, na nyumbani kwake hakuna hata filimbi.

Redioni ilikuwa hivi: mtangazaji anataja bendi, anataja mtunzi, anataja mwimbaji. Mara chache sana akitaja wapulizaji.

Halafu kikaja kinanda. Kinanda cha umeme kina kitufe cha tarumbeta, kitufe cha violini, kitufe cha saksafoni, na kinakula mshahara wa mtu mmoja. Mwenye bendi akapiga hesabu. Safu za wapulizaji wanne au watano zikaanza kupungua, wawili, mmoja, mwisho hakuna. Sauti ya saksafoni ya kinanda ni mbaya, tuseme ukweli, inasikika kama mbuzi mwenye mafua, lakini haidai nauli. Msondo na Sikinde wakang'ang'ana na shaba zao. Heshima kwao.

BARABARANI TENA

Na hivyo mdomo wa bata ukarudi ulikotoka wenzake, barabarani. Unguja beni haikuwahi kufa, bado inapita Mji Mkongwe kwenye harusi ikipiga nyimbo za taarab kwa mwendo wa kukimbiza, na kwenye tamasha la Sauti za Busara, lililoanza 2004, utaikuta kwenye maandamano ya ufunguzi. Bara tunaita matarumbeta.

Kwa mpuliza saksafoni, bendi ya mtaani ni mtihani kuliko ukumbi. Kwanza chombo chenyewe hakikuumbwa kwa ajili ya shida. Tarumbeta ina vitufe vitatu. Ikidondoka ikabonyea, inaendelea kulia, na nyingi za mtaani zimebonyea kama sufuria la mgahawa. Saksafoni ina vifuniko zaidi ya 20, vimeunganishwa kwa fimbo na springi. Fimbo moja ya juu ikipinda kidogo, kifuniko hakifungi, hewa inavuja, na noti zote za chini yake zinapotea. Gari likiruka tuta wakati umesimama nyuma na kitu cha karibu kilo 3 kinaning'inia shingoni, utaelewa kwa nini mwenzako wa tarumbeta anacheka na wewe hucheki. Springi ikikatika, raba bendi inafanya kazi. Ngozi ya kifuniko ikichanika, fundi wa viatu anaweza kuokoa jahazi.

Pili ni ridi. Ule mwanzi mzuri wa ridi unalimwa kusini mwa Ufaransa, na ukishafika huku siyo kitu cha kununua kila wiki. Ridi inataka unyevu. Jua la Dar saa nane mchana linaikausha kati ya wimbo mmoja na mwingine, inajikunja, badala ya sauti inatoka mlio kama breki za daladala. Ndiyo maana utamwona mpulizaji anailamba lamba wakati wenzake wanapiga. Watu wanadhani ni mbwembwe.

Tatu ni ufunguo. Hili wasikilizaji hawalioni kabisa. Tarumbeta na saksafoni ya teno zinasoma sawa, lakini saksafoni ndogo ya alto haiko hivyo. Mwenye tarumbeta akisema "tunaanza Do", mwenye alto lazima aanze kwenye Sol yake ndiyo watoke pamoja. Sasa piga picha: mko kwenye gari linalotembea, MC anaita wimbo wa Bongo Fleva uliotoka wiki iliyopita, hakuna karatasi ya muziki, mmoja tu ndiye aliyeusikia vizuri. Anaanza yeye, wengine wanadaka, na mwenye alto anahamisha kila noti kichwani huku anashikilia chuma cha gari kwa kiuno. Wimbo ukiisha shangazi anamtuza noti mpiga dramu. Mpiga dramu ndiye wanayemwona, si ndiye anayefanya kiuno kitikisike.

Tuzo inakwenda kwenye kapu moja, na kapu linagawanywa na mwenye vyombo. Mwenye vyombo anachukua fungu lake, la vyombo, na la mafuta ya gari. Kinachobaki wanagawana wapigaji. Mtu aliyeanza kupuliza saa sita mchana kwenye kuchukua bibi harusi, akapuliza kanisani nje, kwenye picha ufukweni, mpaka kuingia ukumbini saa mbili usiku, midomo imevimba hawezi hata kunywa chai ya moto, anaondoka na fungu lake. Chombo kinabaki stoo kwa mwenyewe.

Kanda za dansi za Radio Tanzania bado zipo, na vijana wanaendelea kuchokonoa vipande vya saksafoni za zamani na kuvitia kwenye nyimbo mpya. Vingi havina jina la aliyepuliza. Wapulizaji wa miaka ile walio hai sasa ni wazee sana, wapo Magomeni, wapo Temeke, wapo Morogoro na Tabora, wamekaa barazani. Kama kuna mzee mtaani kwenu aliyepuliza mdomo wa bata, muulize bendi gani na mwaka gani, na wimbo gani ile sauti ni yake. Halafu uandike jina lake hapo chini, kamili, na la baba yake.